Kiti cha Bomani

Sisi tuliokulia mwambao wa Ziwa Tanganyika tulilijua neno boma kabla ya kulijua neno serikali. Mtu akiitwa na wakubwa alisema, "Nimeitwa bomani." Kodi ililipwa bomani, kesi ilisikilizwa bomani, kibali cha gobore kilitolewa bomani. Serikali kwetu haikuwa fikra ya vitabuni. Ilikuwa nyumba yenye kuta nene, bendera mbele yake, benchi refu la kungojea barazani, na ndani kabisa chumba chenye kiti kimoja. Aliyekalia kiti hicho ndiye aliyekuwa Serikali.

Nimefundisha historia na uraia kwa miaka karibu arobaini, kwanza katika shule za msingi, kisha katika chuo cha ualimu ambako nilistaafu nikiwa mkuu wa chuo. Karibu kila mwaka mwanachuo mmoja aliuliza swali lile lile: madaraka ya Rais yanaishia wapi? Vitabu hujibu swali hilo kwa kuorodhesha ibara za Katiba. Majibu hayo ni ya kweli, lakini naamini mtu wa Kigoma atayaelewa vizuri zaidi akianzia chini, kwenye kiti cha wilaya, maana hapo ndipo mkono wa Rais unapomfikia. Kwa hiyo nitakifuata kiti hicho tangu kilipowekwa, tuone ni nani waliokikalia, walikuwa wakimtazama nani, na ni nani aliyeweza kuwauliza.

Kabla ya boma palikuwa na soko. Ujiji ya miaka ya 1870, ile ambayo Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871, ilikuwa mji wa biashara ya pembe, chumvi ya Uvinza, samaki na, kwa aibu yetu sote, watumwa. Mwenye kauli kubwa alikuwa Mwinyi Kheri, mfanyabiashara aliyetoka Pwani. Mnamo miaka ya 1880 bendera ya Sultani wa Zanzibar ilipepea mjini na yeye akawa kama mwakilishi wake. Lakini Zanzibar ilikuwa mbali, mwendo wa miezi kwa miguu, na wenye nchi walikuwa Waha na Wajiji wenye watawala wao. Mwinyi Kheri hakuweza kuagiza tu, ilimbidi apatane. Sisemi kwamba utawala ule ulikuwa wa haki, maana soko la watumwa linatosha kuukana. Nasema tu kwamba mtawala aliishi kwa kukubaliana na majirani zake.

Wajerumani walibadilisha jambo hilo. Mwaka 1896 Kapteni Hans Ramsay aliweka kituo cha kijeshi Ujiji, na tangu siku hiyo amri haikutokana tena na mapatano. Ilitoka Dar es Salaam kwa gavana, ikaja kwa mkuu wa boma, ikashuka kwa liwali, akida na jumbe, na mwisho ikamfikia mtu nyumbani kwake kwa sura ya kodi. Reli ya Kati ilipofika Kigoma mwanzoni mwa 1914, bandari na ofisi vilihamia huku kilimani, na Ujiji ikabaki na miembe yake. Mwaka 1916 Wabelgiji waliuteka mji wakautawala mpaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Wazee wetu walibadilishiwa bendera mara mbili katika miaka mitano. Boma lilikuwa lile lile.

Waingereza, chini ya Gavana Donald Cameron, walitunga mwaka 1926 sheria ya tawala za wenyeji. Machifu walipewa mabaraza, hazina na makarani wao. Huko Uha walikuwapo watawala wenye heshima kubwa, na baadaye mmoja wao alikuwa mwanamke, Mwami Theresa Ntare wa Heru. Hata hivyo kila chifu alimjibu Bwana DC. Na Bwana DC alikuwa mambo yote: mkusanya kodi, msimamizi wa barabara, mkaguzi wa hazina za machifu, na hakimu vilevile. Mtu aliyekukamata kwa kutolipa kodi angeweza kuwa ndiye aliyekaa kusikiliza kesi yako ya kodi.

Baba yangu alikuwa tarishi bomani Kigoma katika miaka ya hamsini. Alivaa kaptura ya khaki na kubeba mkoba wa ngozi wa barua. Aliwatumikia ma-DC kadhaa, kwa kuwa walihamishwa mara kwa mara, na aliwapenda baadhi yao kwa uungwana wao. Jambo moja alilotusimulia mara nyingi lilinifundisha kuliko vitabu vingi. Alisema hakuwahi kumwona Bwana DC akikimbia kwa sababu ya watu waliojaa barazani, hata wangengoja tangu alfajiri. Lakini simu ya maandishi ilipofika kutoka Tabora, yalikokuwa makao makuu ya Jimbo la Magharibi, Bwana DC aliondoka mezani na kuacha chai yake ipoe. Huyo DC hakuwa mtu mbaya. Alijua tu mkate wake unatoka wapi.

Uhuru ulikuja tarehe 9 Desemba 1961, na mwaka mmoja baadaye nchi ikawa Jamhuri. Hapa ndipo swali la mwanachuo wangu linapoanza hasa. Tungeweza kuwa na Rais wa heshima tu, na madaraka yakabaki kwa Waziri Mkuu kama ilivyo desturi ya Waingereza. Waraka wa Serikali wa 1962 uliopendekeza Jamhuri ulikataa njia hiyo. Ulieleza kwamba watu wetu hawajazoea kuitenga heshima ya mtawala na nguvu zake, kwa hiyo Rais awe mkuu wa nchi na papo hapo awe mtendaji mkuu wa Serikali. Kwa sura hiyo tulifanana na Wamarekani. Lakini Mwalimu Nyerere aliandika bila kuficha kwamba hatukutaka kufanana nao kwa jambo la pili, yaani Rais wao kuzuiwa kila anapopiga hatua. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi changa na maskini haihitaji breki. Inahitaji nguvu ya kuisukuma mbele.

Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Anayeijua Kigoma ya 1961 anajua umaskini wake: barabara ya Kasulu ikifungwa na mvua, shule chache za kuhesabika, hospitali mbali, na vijana wakipakiwa kwenda mashamba ya mkonge Tanga na Morogoro kwa sababu wilaya hii ilihesabiwa kuwa ghala la vibarua. Nani angependa breki? Lori lililokwama kwenye tope la Uha linasukumwa, halishikwi breki. Lakini kila dereva wa njia ile anajua pia kwamba baada ya kupanda mlima kuna kuteremka.

Sheria za 1962 zilileta Wakuu wa Mikoa na Wakuu wa Wilaya, ambao watu wa mitaani waliwaita "Eria Kamishna". Waliteuliwa na Rais, na kwa cheo chao walikuwa pia makatibu wa TANU katika maeneo yao. Serikali na chama vilikutana katika mtu mmoja. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na katika mwaka huo wakuu hao walikwisha kupewa uwezo wa kuamuru mtu akamatwe na kuwekwa ndani kwa saa 48. Juu yao, sheria ya 1962 ya kuweka watu kizuizini ilimpa Rais uwezo wa kumfungia mtu bila kesi na bila kikomo cha muda. Mwaka 1965 chama kikawa kimoja kwa sheria. Hivyo katika miaka minne tu mihimili mingi midogo iliyokuwa ikisimama pembeni ya kiti cha bomani iliondolewa, mmoja baada ya mwingine, na kila mara kwa sababu iliyoonekana nzuri. Ubaguzi wa kikoloni uliondoka, na hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Baba alipomwona Mwafrika mwenziwe amekalia kiti kile alitoa machozi. Lakini kiti chenyewe hakikugeuzwa upande. Kiliendelea kutazama juu.

Mwaka 1972 yalikuja "Madaraka Mikoani". Mpango huo ulitayarishwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, na jina lake lilipendeza masikioni. Kwa kweli maofisa wengi wenye elimu waliletwa mikoani na fedha zikasogezwa karibu. Papo hapo halmashauri za wilaya zilizochaguliwa na wananchi zilivunjwa, na mahali pake wakaja Wakurugenzi wa Maendeleo walioteuliwa. Madaraka yalisafiri mpaka mikoani, ila yalisafiri mikononi mwa maofisa wa Serikali Kuu. Halmashauri zilirudi baadaye kwa sheria za 1982, zikaanza kazi 1984.

Nilianza kazi ya ualimu mwaka huo huo wa 1972, katika shule moja ya msingi milimani Uha, na ndio mwaka ilipoanza Operesheni Kigoma ya kuwahamishia watu katika vijiji. Waraka wa Mwalimu wa 1967 juu ya ujamaa vijijini ulikuwa umesema kijiji cha ujamaa hakijengwi kwa nguvu. Mnamo Novemba 1973 ikatangazwa kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Waha walikuwa wakiishi kila familia katikati ya migomba yake, nyumba hii mlima huu na nyumba ile mlima ule, na Watongwe wa kusini ya mto Malagarasi waliishi katika vitongoji vidogo vilivyoachana sana. Wote walitakiwa kukusanyika kando ya barabara au ufukoni mwa ziwa, mahali palipochorwa mistari.

Kwa kuwa nilijua kusoma vizuri, barua ya kuhama ilipoletwa nilitakiwa kuisoma mbele ya watu chini ya mti wa shule. Mzee mmoja, mwenye shamba la migomba lililopandwa na babu yake, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, "Mwalimu, hii ameiandika nani?"

Nikamsomea chini ya barua. Palikuwa na muhuri, saini isiyosomeka, na maneno haya: k.n.y. Mkuu wa Wilaya.

"Hiyo kanaye ni nani?"

Nikamweleza kwamba maana yake ni "kwa niaba ya", yaani karani au ofisa fulani ametia saini badala ya Mkuu wa Wilaya.

"Na Mkuu wa Wilaya ameamua yeye?"

Nikasema hapana, naye ameletewa kutoka mkoani, na mkoa umeletewa kutoka Dar es Salaam.

Mzee akafikiri kidogo. "Basi nikimpelekea maneno yangu huyu aliyetia saini, ataweza kubadilisha kitu?"

Nikamjibu ukweli, kwamba hataweza. Akashukuru, akajifunga shuka yake, akaenda zake. Alihama kabla ya mvua pamoja na wengine. Wengine walihamishwa kwa lori, na nyumba zao ziliezuliwa ili wasirudi. Kijiji kipya kilipata shule, na baadaye zahanati, na wajukuu wa mzee yule walisoma. Sitakubali mtu aniambie kwamba hapakuwa na faida. Lakini migomba haihamishwi kwa lori. Miaka miwili mitatu iliyofuata watu wa milima ile, waliokuwa hawajui kununua ndizi, walizinunua.

Nimefikiri sana juu ya k.n.y. ile. Ndiyo urasimu mzima kwa herufi tatu. Kila mmoja anatia saini kwa niaba ya mwingine aliye juu yake, na ukiifuata saini hiyo ngazi kwa ngazi unafika Ikulu. Hilo lenyewe si kosa. Hakuna nchi inayoendeshwa bila mafaili na bila watu wa kutekeleza. Swali ni kama kuna mahali popote njiani ambapo mwananchi anaweza kusimama na neno lake likaandikwa katika faili lile, kabla amri haijafika kwenye migomba.

Ili nisionekane mtu wa kulaumu tu, nitaje upande wa pili. Mkoa wetu unapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa iko Kongo. Watu walivuka kutukimbilia mwaka 1972, wakavuka tena 1993 baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, na tena 1996 vita ilipowaka Kongo na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana katika kijiji cha Kagunga, kaskazini kabisa mwa mwambao wetu, mahali ambapo mlima umeingia ziwani na wakati huo barabara haikuwapo. Kipindupindu kikazuka. Meli ya Liemba, ile iliyoundwa na Wajerumani na kuzinduliwa hapa mwaka 1915, iliwabeba mpaka Kigoma, na uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika ukawa mahali pa kuwapokelea. Siku kama hizo huhitaji mtu wa kuita kamati, bali mtu wa kusema neno moja na malori yakaondoka. Mkono wenye nguvu una siku yake.

Shida ni kwamba nguvu iliyowekwa kwa ajili ya siku ya dharura hutumika pia siku ya kawaida. Uwezo ule wa saa 48 umo mpaka leo, katika Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997. Watu wengi hawajui kwamba sheria hiyo imeufunga kwa masharti. Mkuu lazima awe na sababu ya kuamini kwamba amani imo hatarini na kwamba hakuna njia nyingine ya kuilinda. Lazima aandike sababu zake. Na aliyekamatwa afikishwe kwa hakimu ndani ya saa hizo 48, la sivyo aachiliwe.

Miaka michache baada ya sheria hiyo kupitishwa, mwalimu mkuu mmoja niliyemfundisha chuoni aliwekwa ndani na mkuu mmoja wa wilaya, ambaye sitamtaja wala kuitaja wilaya. Kosa lake lilikuwa kwamba darasa halikuezekwa kwa wakati. Bati zilikuwa hazijaletwa, naye alisema hivyo mbele ya mkutano. Nilikwenda kituo cha polisi na chupa ya chai na chapati. Mkuu wa kituo alikuwa mtu mwema, alinipa kiti.

"Afande," nikamwuliza, "hakimu amekwisha kupelekewa sababu?"

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu wangu, hapa ipo simu tu."

Yaani amri ilikuja kwa simu. Hapakuwa na karatasi, na hapakuwa na hakimu. Zilipotimia saa 48 yule kijana alitoka, akarudi shuleni kufundisha mbele ya watoto waliokuwa wamemwona akiondoka na askari. Darasa liliezekwa miezi mitatu baadaye, bati zilipofika. Katika miaka iliyofuata 2015 amri za namna hiyo zilisikika sana nchini, hata viongozi wa Serikali wenyewe wakawa wanawaonya wenzao wasiitumie sheria kwa hasira.

Wanachuo wangu walipenda kuilinganisha Katiba yetu na ya Marekani, nami niliwaruhusu, kwa sharti kwamba wasilinganishe majina bali wafuate uteuzi. Wenzetu wale walipoandika Katiba yao mwaka 1787 walikuwa wametoka kupigana na mfalme, kwa hiyo hawakumwamini mtu mmoja. Rais wao huteua mawaziri, mabalozi na majaji, lakini Seneti lazima iridhie. Nafasi za kisiasa anazozijaza ni kama 4,000, na zaidi ya 1,000 kati ya hizo hupitia Seneti. Hateui gavana wa jimbo hata moja, na katika majimbo mengi mkuu wa polisi wa kaunti, yaani sherifu, huchaguliwa na wakazi. Watumishi wengine wa serikali yao walilindwa na sheria ya 1883, iliyotungwa baada ya Rais James Garfield kuuawa mwaka 1881 na mtu aliyekasirika kwa kunyimwa cheo. Mwaka 1952 Rais Harry Truman aliamuru viwanda vya chuma vitwaliwe wakati wa vita ya Korea. Mahakama ya Juu ikasema hana uwezo huo, naye akavirudisha kwa wenyewe.

Sisi Rais wetu huteua Mawaziri, Makatibu Wakuu, Wakuu wa Mikoa wa Bara, Wakuu wa Wilaya, Makatibu Tawala, Wakurugenzi wa Halmashauri, majaji na Mkuu wa Polisi. Waziri Mkuu huthibitishwa na Bunge, na Wakuu wa Mikoa huteuliwa baada ya Rais kushauriana na Waziri Mkuu. Ibara ya 37 ya Katiba inasema Rais hafungwi kufuata ushauri wa mtu yeyote, isipokuwa pale Katiba au sheria inapomtaka. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba Katiba ilimpa uwezo wa kutosha kuwa dikteta kama angetaka. Tulibahatika kwamba hakutaka. Lakini bahati si sheria.

Sisemi tuige Marekani. Breki zao nazo huchakaa. Mwaka 2025 tulimwona Rais Donald Trump akiwaondoa maelfu ya watumishi kazini na kesi zikijaa mahakamani juu ya nani ana uwezo gani. Isitoshe, tunazo breki zetu, na mojawapo ilijaribiwa hapa hapa Kigoma.

Mfumo wa vyama vingi ulirudi mwaka 1992. Tume ya Jaji Francis Nyalali, iliyotembea nchi nzima kusikiliza maoni, ilikuwa imetaja sheria 40 ambazo zilihitaji kufutwa au kurekebishwa, na ile ya kuweka watu kizuizini ilikuwamo. Mwezi Februari 1994 ukafanyika uchaguzi mdogo wa ubunge Kigoma Mjini. Azim Premji wa CCM alitangazwa mshindi juu ya Dakta Aman Walid Kabourou wa CHADEMA. Kabourou akaenda mahakamani. Mambo yaliyobishaniwa yalikuwa yale yale ya kiti cha bomani, ila kwa sura mpya: matengenezo ya barabara za mji wakati wa kampeni, na Redio Tanzania, redio ya umma iliyosikika Mwanga, Gungu, Kibirizi na kila penye betri. Mahakama Kuu ilibatilisha uchaguzi. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1996 Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba matangazo ya redio yalielemea upande mmoja na kwamba matokeo yasingeweza kusimama. Katika uchaguzi mkuu wa 1995 Kabourou alikuwa amekwisha kukipata kiti cha ubunge kwa kura. Baadaye yeye mwenyewe alihamia CCM, na ndiyo maana naitaja kesi ile bila kumfurahisha wala kumwudhi mtu wa chama chochote. Uzito wake hauko kwa aliyeshinda. Uko katika jambo hili: Serikali iliitwa ieleze ilivyotumia redio yake, ikasimama mbele ya majaji, ikajibu, na jibu lake likapimwa. Mzee wangu wa migomba hakuipata nafasi hiyo mwaka 1974. Watu wa mji huu waliipata miaka ishirini baadaye, na hakuna mlima uliobomoka.

Ningependa siku moja Mkuu wa Wilaya ateuliwe kwa namna ambayo watu wa wilaya watakuwa na neno, na saa 48 zibaki mikononi mwa polisi na hakimu peke yao. Hayo yanataka Katiba mpya. Mjadala wake ulianza kwa Tume ya Jaji Joseph Warioba mwaka 2012, ukasimama baada ya Katiba Inayopendekezwa ya 2014 bila kupigiwa kura na wananchi. Mimi huenda nisiuone mwisho wake.

Lakini sheria ya 1982 imetupa kitu kidogo kisichongoja Katiba mpya, nacho ni mkutano mkuu wa kijiji. Hivi karibuni nilialikwa katika kijiji kimoja cha wavuvi kusini ya Ujiji. Mama mmoja mwanika dagaa alisimama, akamwomba Mtendaji asome ushuru wa mwalo ulivyotumika. Mtendaji akasema taarifa iko wilayani. Yule mama akajibu, "Sawa baba, tutakaa hapa mpaka ifike," akakaa chini, na wanawake wenzake wakakaa. Mwenyekiti akaahirisha mkutano kwa siku saba. Siku ya saba taarifa ilisomwa, ikiwa na mapengo mawili, na mapengo hayo yakaandikwa katika muhtasari. Niliuomba muhtasari huo niusome. Chini yake palikuwa na jina la mwenyekiti na saini yake mwenyewe, bila k.n.y.